Tano Kasoro Kidogo

Dereva alikuwa mtu wa kushuku. Ukimpa chai yenye sukari ya kutosha, atajiuliza kwa nini leo. Kwa hiyo gari lake liliposhindwa kupanda kilima cha shule, na mzigo ni ule ule wa saruji wa siku zote, hakusema limechoka. Alisema limeibiwa kitu.

Tena alijua limeibiwa na nani. Wiki tatu nyuma gari lililala siku mbili katika gereji ya mdogo wake, kubadilishwa sili ya mafuta kwenye difu, lile tumbo la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Tangu litoke huko, kwenye tambarare linakimbia kama limefukuzwa, na likifika mlimani linahema mpaka abiria wanaona haya kubaki ndani. Na yeye alikuwa amelivalisha matairi mapya wiki ile ile, mapana, marefu, yenye mwili, gari likapendeza kweli kweli! Sasa uzuri wote ule wa kuegeshwa tu.

Huyo Fundi hakuwa mtu baki. Mama yao alipofariki, Dereva ndiye aliyemwogesha mdogo wake, akampeleka shule, akamtafutia mahali pa kujifunza ufundi. Baba naye alikwisha kwenda, wakabaki wawili. Mji mzima ulimwita Dereva kwa kazi yake. Mtu mmoja tu duniani alimwita "kaka", na Dereva alilipenda neno hilo kuliko alivyowahi kukiri.

"Ukimwita mwizi, mwenzangu, neno hilo hutalirudisha mdomoni," mkewe alimwonya.

"Nani kasema mwizi? Mimi natafuta ushahidi."

"Mtu akitafuta ushahidi, huyo keshahukumu."

Jumamosi asubuhi akapita gereji. Fundi alikuwa ametoka kununua vipuri. Pembeni, chini ya turubai, kulikuwa na kitu kirefu. Dereva akafunua ncha. Ekseli nzima ya nyuma, bomba huku na huku, na katikati tumbo la difu. Akahesabu bolti za kifuniko: kumi. Akahesabu tena: kumi, kama za gari lake. Juu yake pameandikwa kwa chaki, USIUZE. Akalirudisha turubai polepole. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini bolti ni bolti tu, difu hutambuliwa kwa mizunguko. Baba yao, aliyelimiliki gari kabla yake, alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe ndani ya kidroo cha mbele: TANO KASORO KIDOGO. Maana yake, tairi likizunguka mara moja, shafti inayotoka mbele kwenye injini huzunguka karibu mara tano. Mizunguko mingi ni nguvu ya mlima, mizunguko michache ni mbio. Mzee aliichagua difu ile mwenyewe, kwa ajili ya kilima kile kile.

Dereva akarudi nyumbani, akaweka mawe kwenye matairi ya mbele, akaitoa gia, akanyanyua tairi moja la nyuma kwa jeki. Akachora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye shafti. Akazungusha tairi mara moja, jicho kwenye shafti. Moja. Mbili. Haikufika hata mbili na nusu. Akarudia mara tatu, jibu lile lile. Nusu nzima ya difu ya baba yake imeyeyuka!

Fundi alipofika kwa wito wa kaka yake, akiwa bado na mkoba wa spana begani, majirani walikuwa wameshasogea. Dereva hakungoja hata salamu.

"Wewe niliyekulea kwa mikono yangu ndiwe wa kuniibia? Difu ya baba umeifunika turubai pale gereji. Nimeiona! Mwizi mkubwa wewe!"

Ulimi hauna mfupa. Mke wa Dereva akafunika uso kwa kanga.

Fundi akaitazama jeki, akalitazama tairi la pili lililokanyaga chini, akauliza kwa upole, "Umepimaje, kaka?"

"Kama hivi unavyoona. Mbili na nusu kasoro."

"Difu ya mbili na nusu? Gari hili lisingepanda hata tuta la barabarani." Jirani mmoja akacheka. Fundi hakucheka. "Tairi moja likiwa chini limeshikwa, hili la juu ukilizungusha mara moja, shafti inakupa nusu tu. Lazima yote mawili yazunguke."

Akaleta jeki yake, akanyanyua upande wa pili. "Kaka, shika hilo. Mimi nashika hili. Twende pamoja. Shemeji, tuhesabie shafti."

Ndugu wawili wakazungusha, huyu kushoto na huyu kulia, taratibu. Mke wa Dereva akachutama, kidole kikifuata chaki. "Moja... mbili... tatu... nne..." Alama za matairi zikarudi chini. "Tano. Hapana, bado kidogo haijafika."

Dereva akahisi masikio yanamuwaka.

"Basi mlima unalishinda kwa nini?" aliuliza, sauti imekonda.

"Haya matairi. Tairi kubwa linameza njia ndefu kila mzunguko, nguvu inapungua. Nilikuambia siku ile ni makubwa mno, ukasema nina wivu." Fundi alijifuta mikono taratibu. "Ile difu uliyoiona chini ya turubai inazidi tano. Nimeitafuta wiki mbili, ndiyo inayofaa matairi haya. Nilitaka nikufungie, upande mlima, ndiyo nikuambie."

Dereva akainama kuishusha jeki yake.

Jumanne gari lilikuwa tayari, limefungwa difu ile. Lilipanda kilima cha shule na saruji yote bila hata kukohoa, na Dereva alilia kidogo pale juu, peke yake. Akashuka moja kwa moja hadi gereji. Fundi alikuwa chini ya gari la mtu, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Mdogo wangu," alisema Dereva. "Nilikukosea mbele ya watu. Nisamehe."

Miguu ikatulia kidogo. Kisha spana ikaendelea.

"Nimeshasamehe," sauti ilijibu kutoka chini, ya upole vile vile. "Likisumbua tena lilete, bosi."

Dereva alikuwa hajageuka kuondoka. Mteja mwingine akaingia kuulizia breki, na yeye pia akaitwa bosi.