Figo Moja, Kilo Kumi na Nne

Daktari wa figo alitazama majibu yangu, akanitazama mimi, kisha akayarudia majibu kana kwamba ndiyo yanayopendeza zaidi. Akasema kati ya ndugu wote waliopimwa, ni mimi peke yangu ninayefaa kumpa mdogo wangu figo. Damu inalingana, kila kitu kinalingana, ila mwili umezidi. Zitoke kwanza kilo kumi na nne, ndipo anipandishe kwenye meza ya upasuaji. Kunipasua nilivyo ni hatari kwangu, na yeye hakusomea kuokoa mmoja kwa kumuumiza mwingine.

Nyumbani kwetu naitwa Bonge tangu darasa la pili, na sikuwahi kukasirika. Siku ile nilikasirika. Tumezaliwa watano tumbo moja, wanne wembamba kama njiti, halafu anayefaa awe mimi.

"Sasa sikiliza," daktari akasema. "Usije ukakimbilia dawa za kupunguza mwili. Unga, chai, vidonge, vyote sivitaki. Vingine vinaumiza figo. Ukiniletea figo zilizochoka, nitakurudisha nyumbani nazo zote mbili."

Akanielekeza chumba cha pili, kwa mtaalamu wa lishe, binti mwembamba ambaye niliapa moyoni kwamba sitamsikiliza. Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia niko bekari, natoa mikate kwenye tanuri. Akashusha pumzi.

"Basi una kazi mbili," akasema. "Watu watakuletea programu za kila aina. Kila mmoja muulize: ndani mna nini, nikiumwa nani atawajibika, na je, naweza kuishi hivi mpaka uzeeni? Akijikanyaga hata kwenye swali moja, mshukuru, aende zake."

"Ya kwako inachukua muda gani?"

"Nusu kilo kwa wiki. Ukijitahidi sana, kilo."

Nikapiga hesabu, nikachoka palepale kitini. Mdogo wangu alikuwa anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na kila akitoka yuko kama nguo iliyokamuliwa. Nusu kilo kwa wiki ni habari ya kumpelekea mgonjwa?

Na kweli watu wakaniletea programu zao. Fundi wa tanuri, ambaye kitambi chake hufika kazini kabla yake, alinishauri nile mara moja tu kwa siku, kisha akajimegea mkate wa moto ili afikirie vizuri. Mwenzangu wa kufunga mikate akanipeleka kwenye chumba cha mazoezi, ambako kijana mwenye mikono minene alinirusharusha kwenye kelele za muziki mpaka goti likavimba. Nilipomuuliza nikiumia nani atawajibika, akasema maumivu yako kichwani tu. Goti langu halikuwa na habari hiyo.

Halafu akaja wifi yangu, mke wa mdogo wangu, na kopo la unga wa kijani. Juu yake palikuwa na picha ya mwanamke aliyesimama ndani ya mguu mmoja wa suruali yake ya zamani. Kilo kumi kwa wiki mbili. Macho ya wifi yalikuwa yameingia ndani kwa kukesha, kwa hiyo sikucheka. Nikachukua namba ya muuzaji, nikampigia hapohapo.

"Ndani mna nini?" nikamuuliza.

"Vitu vya asili, dada."

"Vitu gani?"

"Vya asili kabisa."

"Natarajia kutoa figo. Naruhusiwa kunywa?"

"Dada yangu, huu unasafisha mpaka hizo figo."

Nikakata simu. Wifi akaliacha kopo mezani. "Likae tu," akasema. "Huenda ukabadili mawazo."

Nikashika programu ya yule binti. Si kwamba niliipenda, maana haina cha kupendwa. Nusu ya sahani mboga, maharage au yai, tunda, maji. Kazini nakwenda kwa miguu, narudi kwa miguu. Kulala mapema, na kila Ijumaa kupanda kwenye mizani yake. Chai bila sukari ni adhabu, asikudanganye mtu. Na mkate ukitoka tanurini hauna habari kama wewe una mgonjwa, unanukia tu. Wanasema mtu huzoea. Mimi sikuzoea, nilichoka tu, na uchovu ulinisaidia nisifike kwenye rafu ya mikate.

Kilichonichosha zaidi ni macho ya watu. Nikifika kwa mama, anachungulia sahani yangu kwanza ndipo anaitikia shikamoo. Kaka na dada zangu wakipiga simu hawaniulizi hujambo, wanauliza, "Umefika ngapi?" Nilikuwa kama maji yaliyobandikwa jikoni, kila anayepita anafunua kifuniko aone kama yamechemka.

Mwezi wa tatu wa programu mizani ikagoma. Ijumaa ya kwanza mshale palepale, ya pili palepale. Yule binti akasema ni kawaida, mwili unajizoesha, nisipunguze chakula, niongeze kutembea kidogo. Nikaenda kuwaeleza hivyo nyumbani kwa mama, sebuleni, wote wakiwa wamekaa.

"Au hutaki kutoa," wifi akasema taratibu. "Kama hutaki, useme, tujue moja."

Hakuna aliyemkanya. Mama alitazama mikono yake. Nikainuka, nikaosha sahani yangu, nikaaga.

Maneno yake yaliniuma kwa sababu hayakuwa mbali na ukweli. Mshale ulipogoma, moyo wangu ulitulia. Niliogopa kisu. Niliogopa kulazwa mzima na kuamka nimepungukiwa, au nisiamke kabisa. Programu niliifuata yote, sikuiba hata kipande cha mkate, lakini polepole yake ilinifaa kuliko nilivyowaambia watu. Kila wiki iliyoongezeka ilikuwa wiki nyingine ya kutopasuliwa. Nilijichukia kwa hilo, nikaendelea kutembea.

Siku moja mchana nilikaa na mdogo wangu kwenye chumba cha mashine. Wagonjwa sita kwenye viti vyao, mashine zinavuma, televisheni imefungwa sauti. Yeye si mtu wa kuomba kitu, tangu utotoni. Alikuwa anatazama damu yake ikipita kwenye mrija.

"Dada," akasema, "kunywa ule unga."

"Nani kakwambia habari za unga?"

"Wiki mbili tu. Mimi nimechoka, dada. Maumivu nayaweza. Ila asubuhi nikifumbua macho nikikumbuka kwamba ni siku ya mashine, natamani nisingeamka."

"Sinywi."

"Hata nikikuomba?"

"Hata ukipiga magoti. Hizi zikiharibika, hakuna nyingine kwetu."

Akageuzia uso ukutani. Nilikaa naye mpaka mashine ikazimwa, nikamshika mkono mpaka kwake. Haki ilikuwa yangu, na haikunisaidia kitu. Nilipofika nyumbani nilimwaga ule unga chooni, nikajitupa kitandani na viatu vyangu, nikalia.

Tangu siku ile tukawa watu wa salamu. Hujambo, sijambo, basi. Nami sikumlaumu. Ningekuwa mimi kwenye kile kiti, labda hata salamu ningemnyima.

Mizani ilianza kusogea tena, kwa maringo yake yaleyale ya nusu kilo. Siku nilipofikia uzito uliotakiwa, yule binti alinipa mkono na mimi nikampa wangu, wote tumechoka hata kufurahi. Nikapimwa upya damu, mkojo, moyo. Figo safi, zote mbili. Daktari akaniita ofisini, akafunga mlango.

"Kabla sijaandika tarehe, nataka nikuulize ukiwa peke yako. Kuna mtu anakulazimisha?"

"Hapana."

"Ukisema hutaki, nitawaambia ndugu zako vipimo vimekataa. Imekwisha. Hatajua mtu, hata mama yako."

Tangu mwanzo nilikuwa natafuta mlango kama huu bila kujikubalia, na sasa umefunguliwa na mtu mwenye koti jeupe, bila aibu yoyote kwangu. Ningesema neno moja tu, nirudi kwenye mikate yangu nikiwa na figo mbili na pole za ukoo mzima.

"Huwa unawauliza wote?" nikasema.

"Wote. Ila wewe niliombwa nisisahau. Mdogo wako alikuja hapa peke yake, siku ametoka kwenye mashine. Akasema alikuomba jambo ambalo hakupaswa kukuomba, na anaogopa kwamba unashindwa kukataa hili jingine la figo. Akaniomba nikuachie njia. Na ukiifuata, hata yeye nisimwambie ukweli."

Hasira zikanipanda. Mtu asiyeweza kubeba ndoo ya maji alipanda ngazi za ghorofa mbili kuja kunitafutia pa kutorokea.

"Andika tarehe," nikasema.

"Una uhakika?"

"Naogopa. Andika hivyohivyo."

Mdogo wangu alikuwa kwenye benchi la koridoni, peke yake. Aliponiona akasimama kwa kushika ukuta. Uso wake ulikuwa umeshajiandaa, nikaona kabisa kwamba ameyapanga maneno ya kuniambia na ameyafanyia mazoezi.

"Pole, dada," akaanza. "Usijali. Umejitahidi sana."

"Nyamaza," nikamwambia. "Ni Jumatatu ijayo. Na ukae chini kabla hujaanguka."

Hakukaa. Aliinua mkono kunishika bega, akaniangukia mzima mzima. Nikamdaka, nikajikaza nisianguke naye, na hapakuwa na haja ya kujikaza. Mwanamume mzima, na hakuwa na uzito wowote.