Chaki Kichwani mwa Chiriku

Chiriku aliuvua mtandio wake mbele ya geti la shule, akaukunja mara mbili, kisha mara mbili tena, akautia kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu na kuusukuma chini kabisa ya begi. Mfuko ule alipewa na mama yake ili kalamu isije ikavuja juu ya kitambaa. Mlinzi alimtazama mpaka zipu ikafungwa, ndipo akalisukuma geti kwa goti, maana mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kikombe cha chai.

Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya sheria mpya. Bodi ya shule ilikutana wakati wa likizo, ikaamua kwamba ndani ya uzio hapatakuwa na alama ya dini ya aina yoyote, ili wanafunzi wote wawe sawa. Mtandio ulitajwa wa kwanza. Alama nyingine zilitajwa kwa jumla.

Mama yake Chiriku alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili, sinki moja na pazia zito mlangoni, kwa sababu nusu ya wateja wake hawakutaka kuonekana kichwa wazi na kila apitaye. Hakuwa mtu wa kuzunguka maneno. Aliposikia sheria ile alimwambia binti yake, "Utavua getini, utavaa getini. Mungu anazijua saa za shule. Sisi tunataka cheti."

Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alianza kusema kabla hajaota meno ya kutosha na hakunyamaza tangu hapo, alikubali. Mwaka huo ndio uliokuwa wa mtihani wa mwisho, naye alitaka kusomea ufamasia.

Kipindi cha kwanza kilikuwa hesabu. Juu kabisa ya ubao, kama ilivyokuwa katika kila darasa la shule ile, kiranja alikuwa ameandika neno la siku: mstari kutoka kitabu kitakatifu, ambacho hakikuwa kitabu cha akina Chiriku. Desturi hiyo ilikuwa kongwe kuliko ubao wenyewe. Chini yake mwalimu wa hesabu aliandika mlinganyo, akapiga mstari, akaligeukia darasa aulize swali. Alipougeukia ubao tena, ulikuwa mtupu. Maandishi yalikuwa yameondoka kwa utaratibu, mstari baada ya mstari, yakapita juu ya vichwa vya safu ya mbele na kujizungusha kichwani mwa Chiriku. Yalianzia kwenye paji la uso, yakafunika masikio, yakazunguka shingo na kujichomeka chini ya kidevu. Neno la siku lilikaa mbele, kwa kuwa ndilo lililokuwa juu ubaoni.

"Nani amefuta?" mwalimu aliuliza.

"Hajafuta mtu, mwalimu," alisema msichana wa dawati la nyuma. "Yako kichwani mwa Chiriku. Mwambie ageuke, sijamaliza kunakili."

Chiriku akageuka. Darasa likanakili.

Kufikia mapumziko alikuwa amefunikwa tabaka tatu: hesabu, jiografia na kemia. Mwalimu wa jiografia alilalamika kwamba ramani yake ya mito ilikuwa imelaliwa na kemia na haisomeki.

Kesho yake mama aliitwa. Alifunga saluni, akaenda akiwa bado na harufu ya dawa ya nywele mikononi. Ofisini alimkuta mkuu wa shule, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, na mwalimu wa nidhamu, ambaye wanafunzi walimwita Rula kwa kuwa hakuwahi kuonekana bila rula ya mbao, hata harusini kwake. Chiriku alisimama kando ya mlango. Mgongoni alikuwa na somo la historia.

"Mama, binti yako anaingia darasani amefunika kichwa," alisema mkuu wa shule.

"Alivua getini. Mlinzi wenu aliona."

"Alivua kitambaa. Sasa amevaa chaki."

"Chaki ni yenu."

Mkuu wa shule alimtazama Rula. Rula alisogea, akaielekeza rula yake kwenye paji la uso la Chiriku. "Na si chaki tu, mama. Hapa mbele ana maandiko. Maandiko ya dini, usoni, ndani ya uzio wa shule."

"Hayo mmeyaandika wenyewe ubaoni."

"Ubaoni ni neno la siku. Ni malezi. Yakiwa kichwani ni alama ya dini."

"Maneno si ni yale yale?"

"Maneno ni yale yale," alikubali Rula. "Mahali si pale pale."

Mama hakubishana. Alilifungua begi la binti yake, akautoa mtandio na kumfunika nao pale pale, kabla mtu hajasema neno. Chaki ikamwagika mabegani kama unga. Nyuma ya meza palikuwa na ubao mdogo wenye ratiba ya zamu za walimu, ambayo ilikuwa imeshaanza kung'oka na ilikuwa imefika Jumatano. Ikasimama, ikajirudisha mahali pake.

"Mmeona," alisema mama. "Mita moja na nusu ya kitambaa. Akivaa, ubao unatulia. Asipovaa, darasa zima halisomi. Jambo lenyewe ndilo hilo, halina mkia wala pembe."

"Tumeona," alisema mkuu wa shule, na aliona kweli, kwa kuwa hakuwa mjinga. "Lakini sheria haizungumzii ubao, mama. Inazungumzia kitambaa. Na asiyefuata sare hafanyi mtihani. Avue."

Chiriku akavua. Ratiba ya zamu ikaondoka ukutani, Jumatatu hadi Ijumaa, na Rula hakujua tena zamu yake ilikuwa lini.

Jioni ile saluni ilijaa watu ambao hawakuja kusukwa. Shemeji wa mama, ndugu wa marehemu mumewe, aliketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, akajizungusha nusu ili asijione kwenye kioo.

"Shemeji, hii ni ishara," alisema. "Mtoto asirudi kule. Sisi tutaandamana."

"Akiacha shule, mtihani utamfanyia wewe?"

"Mtihani wa dunia hii?"

"Ndiyo, wa dunia hii. Wa akhera sijapewa tarehe."

"Unaona? Na kosa limeanzia kwako. Ulikubali vipi avue?"

"Kaka wa mume wangu, hicho kiti ni cha kazi. Kama husuki, simama."

Alisimama, lakini hakuondoka. Wengine walitaka kumwona Chiriku, wengine walitaka kumgusa mtandio, na mzee mmoja alitaka binti asimame hadharani avue na kuvaa ili wasioamini waamini. Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele, mwimba kwaya wa ile dini nyingine, alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wenye kelele masikioni, kwamba hata yeye hakupenda neno lao kuachiwa yule kiranja aandike, mtoto asiyesalimia wakubwa. Kila mmoja alikuwa na la kusema kuhusu kichwa cha yule binti. Hakuna aliyeuliza kama alikuwa amekula.

Shule ilijaribu njia zake. Chiriku alihamishiwa dawati la mwisho, na maandishi yakasafiri mbali zaidi. Uliletwa ubao mweupe na kalamu zake, na wino ukapanda upesi kuliko chaki. Mwalimu wa kemia alijaribu kufundisha bila kuandika, akaeleza mlinganyo mrefu kwa mikono, na darasa zima likashindwa jaribio. Mwishowe dawati la Chiriku lilitolewa nje, likawekwa barazani chini ya dirisha, na chaki haikuweza kufika huko. Walimu walifurahi. Chiriku alisikiliza masomo kwa sikio moja, huku la pili likisikiliza mpira uwanjani, na baada ya siku chache wino wa daftari lake mwenyewe ukaanza kupanda. Alikuwa akirudi nyumbani na kurasa tupu. Akishavaa mtandio, aliyaandika yote upya mezani, akijisemea kwa sauti, na huko wino ulikaa ulipowekwa kama wino wa watu wote.

Mama naye alijaribu zake. Alimtengenezea wigi, kazi nzuri, ambayo mgeni asingeitambua. Akiwa amelivaa, wino ulitulia. Rula alilikagua getini, akakiri kwamba wigi si alama ya dini. Lilikuwa urembo, na urembo ulikatazwa na sheria nyingine, ya zamani zaidi.

Wiki moja kabla ya mtihani alikuja msimamizi kutoka baraza la mitihani kukagua vyumba. Mama alimngoja nje ya geti, akamweleza kila kitu tangu mwanzo. Msimamizi alikuwa mtu wa adabu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba aonyeshwe, akaona wino ukipanda na ukishuka.

"Nimeelewa kabisa, mama yangu," alisema. "Ingekuwa mimi, ningemwacha avae. Lakini kanuni yetu inasema mtahiniwa afuate sare ya shule yake. Zungumza na shule."

Mama akazungumza na shule.

"Chumba cha mtihani kiko chini ya baraza la mitihani," alisema mkuu wa shule. "Zungumza na baraza."

Alikwenda huku na huku mpaka mlinzi akaacha kumuuliza anakwenda wapi. Hakuna aliyemfokea. Hilo ndilo lililomchosha zaidi. Angalau anayekufokea unajua pa kumshika. Hawa walimpa kiti, wakampa maji, wakamkubalia kila alichosema, kisha wakamsindikiza mlangoni.

"Basi kandamiza kalamu," alimwambia Chiriku siku moja wakiosha vyombo. "Andika kama unachonga. Wino ukiondoka, alama zibaki kwenye karatasi."

"Na wakikataa?"

"Wakikataa watakuwa wamekataa kitu. Ukipeleka karatasi nyeupe watakuwa hawajakataa kitu."

Asubuhi ya mtihani wa kemia mkuu wa shule aliingia ukumbini na kuwaongoza watahiniwa katika sala fupi ya kutuliza moyo. Haikuwa ya dini, alieleza, ilikuwa ya utaratibu tu. Kisha bahasha zikafunguliwa. Chiriku alikuwa ameketi kichwa wazi, akavuta pumzi, akaanza kuchonga. Maswali yaliyochapishwa yalitulia mahali pake. Kilichopanda ni majibu. Kila alipomaliza sentensi iliinuka kutoka kwenye karatasi, ikapita mbele ya macho yake na kwenda kujipanga juu ya paji la uso, na nyuma yake ikaacha mifereji midogo isiyo na rangi. Msimamizi alimpitia mara kadhaa. Mara moja alimwomba ainamishe kichwa kidogo, kwa kuwa mtahiniwa wa nyuma alikuwa akisoma.

Mama alikuwa akingoja nje ya uzio, mtandio mkononi. Alimwona binti yake akitoka ukumbini katikati ya wenzake, amefunikwa wino wa bluu kuanzia paji hadi mabegani, mwandiko wake mwenyewe, ule ulioinamia kulia. Mwalimu wa kemia alimsimamisha uwanjani. Alivaa miwani, akamzunguka polepole, akisoma.

"La nne umelifanya vizuri sana," alisema. "Zaidi ya nilivyofundisha." Kisha akaivua miwani na kwenda zake kunywa chai.

"Karatasi?" mama aliuliza Chiriku alipofika getini.

"Msimamizi ameiinua kwenye mwanga. Anasema mikwaruzo anaiona, na anaamini ni majibu. Lakini mikwaruzo haisahihishwi, lazima iwe wino. Ameandika kwamba nimerudisha karatasi tupu, akaifunga na za wenzangu."

"Alikuambia kwa ubaya?"

"Hapana. Alinitakia heri."

Rula alikuwa amesimama ndani ya geti, akawaambia kwa upole kwamba binti alikuwa bado amefunika kichwa na kwamba wasisimame karibu na uzio. Wakasogea. Chiriku alinyoosha mkono apewe mtandio, lakini mama yake hakuutoa.

"Ngoja kwanza," alisema. "Ukivaa yatamwagika."

"Mama, watu wanapita."

"Wapite. Wewe tangulia, mimi nakuja nyuma yako, usikimbie. Kuna mtu lazima ausome huu mtihani."

Chiriku akatangulia. Walipita duka la vifaa vya ujenzi, wakapita kwa fundi baiskeli, mama akisoma kwa sauti kutoka kisogoni mwa binti yake, akikwama kwenye majina marefu, akirudia.

"Hidrojeni... peroksaidi. Aa, huyu namjua. Ndiye tunayemtumia kupaushia nywele."

"Ndiyo huyo."

"Umesema anageuka maji na nini?"

"Oksijeni."

"Kumbe ndilo lile povu." Akasogea upande wa kulia, akasoma nyuma ya sikio. Fundi baiskeli alisimamisha kazi ili wapite. "La sita umeliacha katikati."

"Kengele ililia."

"Unaandika polepole. Umejaza maneno yasiyo na kazi kwenye la tano, ndiyo maana. Fizikia usifanye hivyo."

"Sawa."

Walifika mbele ya saluni. Mama alimgeuza kwa mabega, akasoma yaliyobaki shingoni na chini ya kidevu, midomo ikicheza, mpaka nukta ya mwisho. Akatazama kama kulikuwa na mahali ambapo hajapasoma. Hapakuwepo. Ndipo alipoukunjua mtandio na kumfunika mwenyewe, akaubana vizuri chini ya kidevu, na majibu yote yakateremka kwenye kola na mabega ya shati jeupe la shule, yakatiririka mpaka kiunoni.

"Kesho asubuhi ni fizikia," alisema Chiriku.

"Najua. Ingia ndani uvue hilo shati nililoweke, wino haujashika."