Gari Lisilosikika

Asubuhi ile gereji ilijaa kelele, na wala hazikuwa za magari. Alikuwa Turbo, dereva wa teksi asiyeheshimu gari lisilonguruma, akibishana na Mwalimu wa fizikia juu ya gari kuukuu lililokuwa mbele yao.

"Bwana wee, hilo ni kabati lenye magurudumu! Viwanda vya siku hizi ndivyo vinavyojua kazi."

"Vinajua plastiki," Mwalimu akamjibu. "Hebu tazama bodi hiyo, kuanzia taa mpaka buti. Aliyeichora alikuwa na mkono uliotulia."

Fundi alikuwa amezama kwenye injini, jasho likimtiririka. Gari lilikuwa la marehemu kaka yake, na shemeji yake alishakata shauri: lisipowaka kabla ya lori la vyuma chakavu kufika, likayeyushwe. Mjane mwenyewe alisimama getini, amewapa mgongo, akilingojea hilo lori kwa hamu. Alilichukia gari lile, na ukoo mzima ulijua kwa nini. Mumewe, mwoka mikate, alikuwa akiapa kwamba huondoka saa kumi alfajiri. "Alfajiri panya akipita naamka," mkewe alimwambia. "Ungewasha gari ningesikia. Wewe unatoka usiku wa manane kwenda kwa mwanamke wako." Miaka kumi na tisa wakaishi hivyo, salamu kwa shida.

Fundi akazungusha ufunguo. Starta ikalia kidogo, kisha kimya.

"Imekufa!" Turbo akapiga kofi. "Plagi hizo."

"Plagi wapi! Kabureta," Mwalimu akapinga.

Wakaanza upya. Fundi, roho mkononi, akazungusha ufunguo tena. Ukatoka mkwaruzo wa chuma uliowarusha wote watatu. Mkwaruzo huo aliujua vizuri: ni wa starta inapolazimishwa kwenye injini ambayo tayari inazunguka.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Kumbe imewaka zamani."

Turbo akaweka glasi yake ya maji juu ya injini. Silinda sita zilikuwa zinapiga kazi mle ndani, na maji hayakutikisika. Turbo yule yule, mdomo usiopumzika, akavua kofia. Fundi machozi yalimlengalenga. Miaka thelathini ya ufundi, hajapata kuona kitu kama kile.

Akaketi nyuma ya usukani, akaliendesha taratibu mpaka hatua moja nyuma ya shemeji yake, akalisimamisha. Mama wa watu hakugeuka.

"Shemeji."

Aliruka. "Toba! Mmelisukuma saa ngapi?"

"Hatukulisukuma. Linawaka hilo. Weka mkono."

Akaweka kiganja kwenye boneti, akakiacha hapo. Lori la vyuma lilikuwa limefika na dereva wake anapiga honi, lakini hakulitazama.

"Ndivyo alivyokuwa anaondoka?"

"Kila alfajiri, shemeji. Alisema hataki kukuamsha."

"Na mimi nikamnunia mpaka anakufa."

Akazunguka, akafungua mlango, akamwondoa fundi kwenye kiti cha mumewe na kukaa mwenyewe. Fundi alipopeleka mkono kwenye ufunguo, akaushika.

"Usilizime," akasema. "Niache kwanza nilisikilize."