Jina la Kathuri Midomoni mwa Watu

Nina hasira, na asije mtu akaniambia nitulie. Nilitulia miaka mitatu, na miaka hiyo yote watu walikuwa wakimtafuna mume wangu midomoni mwao mchana kutwa, kutoka hapa Runyenjes hadi Embu mjini, mpaka kule Meru.

Mume wangu aliitwa Kathuri. Siku hizi ukisema Kathuri sokoni hakuna anayemfikiria mtu. Wanafikiria kitendo. Mtu akitoroka kikao mambo yanapopamba moto, amekathuri. Kijana akimwacha msichana bila kwaheri, amemkathuri. Juzi kanisani mwalimu wa kwaya hakutokea, nikamsikia mama mzima mwenye wajukuu akimwambia mwenzake, "Huyu ametukathuri." Kisha akaniona, akajifanya anatafuta kitabu cha nyimbo.

Neno hilo nalijua lilikozaliwa. Lilizaliwa kwenye kiwanda chetu cha kahawa, siku ya mkutano wa wakulima. Meneja wa wakati ule alikuwa na tabia ya kutuweka kwenye foleni na magunia ya kahawa mbivu mpaka jua litue, huku rafiki zake wakipitia mlango wa nyuma. Tulimchagua Kathuri atusemee kwa sababu alikuwa mtu wa kusema ukweli bila kupandisha sauti. Alisimama, akavua kofia, akaanza. Hakufika mbali. Alishika ukingo wa meza, akasema, "Nakuja sasa hivi," akaweka kofia kitini, akatoka.

Tulingoja. Meneja akatazama saa yake mara tatu, akatabasamu, na mkutano ukavunjika. Mwendesha boda mmoja aitwaye Njoka alikuwa amesimama dirishani. Akaionyesha ile kofia kwa kidole, akapaza sauti: "Mzee amekathuri!" Watu waliokuwa wamenuna wote wakaangua kicheko. Mimi niliinamisha uso kwa aibu. Ndiyo, nakiri, hata mimi mkewe nilidhani ametoroka.

Nilimkuta nyuma ya ghala, ameketi chini, shati limelowa jasho, mkono kifuani. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Mkutano umefika wapi?" Hakutaka kuanguka mbele ya watu, mkutano ukageuka kilio na meneja akapata pa kuponea. Alidhani atapumua kidogo, arudi, amalize. Alifariki Jumamosi ile, hospitalini Embu.

Njoka alikuwa kati ya waliobeba jeneza. Alilia machozi ya kweli, simnyimi haki yake. Lakini neno lake lilikuwa limeshapanda boda na kwenda zake. Jumamosi iliyofuata walimzika Kathuri, Jumatatu wakaendelea kukathuriana.

Yote hayo niliyameza. Kisha mwaka huu Mutugi, kifungua mimba wangu, na mkewe Lorna wakapata mtoto wa kiume, wa kwanza. Kwetu hilo halina mjadala. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, ni yeye amerudi. Mama mkwe wangu alimwita Mutugi "mume wangu" mpaka siku aliyofumba macho, na mtoto akikataa uji alikuwa anatuambia ndoa yake imeingia shida. Mimi nilikuwa nimengoja zamu yangu. Nilitaka kukaa na Kathuri mdogo mapajani, nimwite mume wangu, nimgombeze kwa yote ambayo yule mkubwa hakunipa muda wa kumgombeza.

Lorna aliniambia jikoni, mtoto akiwa mgongoni kwake.

"Mama, sikatai mila. Lakini fikiria siku ya kwanza shule. Ticha anaita Kathuri, darasa mzima inacheka. Atakuwa anaitwa hivyo kila mtu akitoka nje."

"Hilo ni jina la baba ya mume wako."

"Najua, Mama. Lakini hao watoto hawajui."

Hakuwa anasema kwa ubaya, na hilo liliniudhi zaidi. Afadhali angenitusi, ningejua pa kumshika. Mutugi alikuwa pale mlangoni akivunja kuni, akasema, "Tutaona." Walipanga kwenda kumwandikisha mtoto Ijumaa ya wiki iliyofuata. Nikajiambia, basi nina siku kumi za kumrudishia mtu jina lake.

Nilianzia stendi ya boda. Njoka alikuwa amelala juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani.

"Wewe Njoka. Rudisha jina la mume wangu."

Akaruka chini. "Mama Mutugi! Woi, mimi nilisema mara moja tu. Siku moja. Hao wengine hata siwajui."

"Lilitoka kwa mdomo wako. Lirudishe."

"Nirudishe wapi, Mama? Jana nimebeba mtu wa Chuka, akaniambia, 'Usinikathurie hapa kwa mvua.' Nikamuuliza Kathuri ni nani. Akasema si mtu, ni Sheng."

Si mtu! Nikapanda juu ya kreti ya soda, nikawaambia waendesha boda wote: "Sikieni. Kuanzia leo, kuharibu jina la marehemu kunaitwa kunjoka. Mtu akifanya hivyo, amenjoka." Walicheka hadi mmoja akashikilia mti. Mwingine akamwambia Njoka, "Umejua kunjoka, buda!" Nikarudi nyumbani nimefurahi. Baada ya siku tatu nilipita tena, nikauliza, nao wakatazamana. Hakuna aliyelikumbuka.

Jumatano akaja msichana, Maxine, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Nchiru, Meru. Stendi walimwonyesha njia. Alikuwa na heshima, alikunywa chai yote, kisha akatoa karatasi yenye mishale. Alikuwa anaandika utafiti juu ya maneno mapya, jinsi yanavyozaliwa na kuingia katika lugha ya kila siku. Mshale wa kwanza ulitoka stendi yetu hadi shule ya sekondari, kwa wanafunzi wanaobebwa na boda. Wao walilipeleka makwao likizo. Makanga wa Embu wakaliokota, mtangazaji wa redio akalisema asubuhi moja akamfanya mwenzake acheke, na kufikia muhula uliofuata lilikuwa katika hosteli za Nchiru.

"Ni neno imeshika sana, shosho," akasema, akiniita bibi kwa Sheng yao, macho yakimng'aa.

"Sasa niambie wewe uliyesoma. Neno linauawa vipi?"

Akaweka kikombe chini. "Haliuawi, shosho. Linaisha tu likikosa kazi. Watu walikuwa wanaona kila siku mtu akitoka na harudi, na hawakuwa na neno yake fupi. Wakapata."

Nikamweleza kuhusu kunjoka. Alitabasamu, akasema ni neno zuri, lakini halingeshika.

"Kwani watu hawaharibu majina ya wafu kila siku?"

"Wanaharibu, shosho. Ni vile tu hawataki kuwe na neno yake."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli ukisemwa na mtoto wa juzi unawasha. Kisha nikamsimulia habari ya ghala, jasho, na lile swali, mkutano umefika wapi. Alizima simu aliyokuwa akinirekodia. Aliniuliza kama anaweza kuyaandika hayo. Nikamwambia andika, mwanangu, andika kwa herufi kubwa, lakini wanaokathuriana hosteli hawatakusoma.

Usiku wa Alhamisi nilimketisha Mutugi. Niliitoa kofia ya baba yake msumarini nikaiweka juu ya meza kati yetu.

"Baba yako hakutoroka."

"Najua, Mama."

"Kesho ukifika pale dirishani, karani akikuuliza jina, utasema nini?"

"Kathuri."

"Sema tena."

"Kathuri, Mama. Nimekuahidi."

Nilimwamini. Ijumaa nilichinja jogoo. Niliosha sufuria kubwa, nikachuma na ndizi za kupika, nikiimba peke yangu mle jikoni kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Walirudi saa kumi. Lorna aliingia mbele na mtoto. Mutugi alibaki uani akisukasuka tairi la pikipiki iliyowaleta, tairi lisilo na shida yoyote. Njoka ndiye aliyewabeba, naye alikuwa akichezea ufunguo wa pikipiki.

Lorna akanipa karatasi. Nilisoma mara mbili. Jayden Mutugi.

"Ni wewe?" nikamuuliza.

"Hapana, Mama. Wallahi mimi nilikuwa nimekubali. Njiani nilimwambia sawa, aitwe Kathuri, tutamfundisha kupigana." Macho yake yalijaa machozi. "Mutugi alilitaja pale dirishani. Karani akauliza, Kathuri aje? Watu kwa laini wakacheka. Mutugi akanishikisha fomu, akaniambia anakuja sasa hivi. Nilingoja, Mama. Nilingoja hadi karani akaniambia nipishe wengine. Nikaandika ile jina ilikuja kwa kichwa."

Nikatoka uani. Mutugi aliinua uso, kisha akaushusha.

"Nilienda kununua airtime, Mama. Kurudi nikapata ameshaandika."

Baba yake alitoka nje akifa, akitaka kurudi. Huyu alitoka akiwa mzima, hana hata homa, akamwacha mkewe dirishani na mtoto mgongoni kwa sababu watu wasiomjua wamecheka. Nilitafuta neno la kumwambia. Nilitafuta katika Kiembu, nikatafuta katika Kiswahili. Mwoga lilikuwa dogo. Msaliti lilikuwa la watu wa mbali. Nikafungua mdomo nikiwa bado natafuta, na likatoka lenyewe, laini, bila kukwama popote.

"Mutugi," nikasema, "umekathuri."

Njoka alishtuka akaangusha ufunguo. Lorna alijishika mdomo. Mutugi alikuwa amenielewa vizuri kabisa, kama kila mtu pale uani.

Mtoto akaamka, akaanza kulia. Lorna akanipa nimbembeleze. Nilitaka kumwita mume wangu, lakini lile neno lilikuwa bado mdomoni, nikaona aibu kumwita.