Pumzikeni Kidogo

Simu ya ofisi ya kazi ilikuwa ipigwe saa nne asubuhi, na Hoyt Ledbetter alikuwa hajapata jibu la swali moja tu: kwa nini ulichelewa kudai posho ya kukosa kazi?

Mkewe, Nadine, alikaa upande wa pili wa meza ya jikoni. Alikuwa amejipa kazi ya kumwigiza afisa wa ofisi hiyo, na jamani, aliipenda kazi hiyo kupita kiasi.

"Bwana Ledbetter," akasema kwa sauti ya puani, "kiwanda kimefungwa Februari. Wewe umedai posho Aprili. Huko katikati ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapahapa. Si ulikuwa unaniona?"

"Mimi si mkeo, mimi ni serikali!"

"Basi serikali iniongeze kahawa."

Nadine akaigonga meza kwa kiganja. "Hoyt, usinichezee! Wakitunyima posho ya hizo wiki, benki inaichukua nyumba hii. Unalijua hilo?"

Alilijua sana. Ndiyo maana alikuwa anatania.

Shemeji yake alikuwa amemshauri aseme aliugua. Hoyt alikataa katakata. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye akidanganya masikio humwiva yote mawili. Lakini ukweli nao aliuonea aibu, maana ulimfanya aonekane bwege.

Ukweli wenyewe ni huu. Kwenye kile kiwanda cha mazulia alichofanyia kazi hapa mjini Dalton, oda zikipungua mashine zilizimwa wiki moja au mbili, watu wakarudi majumbani. Msimamizi hakusema mmeachishwa. Alisema, "Pumzikeni kidogo." Na ukishaambiwa hivyo, kazi yako ni kupumzika kweli, kwa sababu karani wa kiwanda ndiye aliyewadaia wote posho kwa mkupuo mmoja. Hoyt alizeeka kwenye mashine ya nyuzi bila kudai posho kwa mkono wake hata mara moja. Angeanzia wapi?

Basi Februari, Bwana Stancil msimamizi alipanda juu ya toroli la nyuzi, kofia mkononi. Akawatazama watu anaosali nao kanisa moja, akaigeuzageuza kofia, akasema, "Haya jamani. Pumzikeni kidogo." Akashuka.

Hoyt akaenda kupumzika. Alipaka rangi kibaraza, akapanda maharage. Wenzake walinusa mambo wakakimbilia kudai. Yeye akamsubiri karani, na karani mwenyewe, masikini, alikuwa keshaachishwa zamani. Hata dai la Aprili alilijaza Nadine. Hoyt alikubali tu ili kelele ziishe nyumbani. Mpaka leo alikuwa analala mapema, asije akaitwa zamu ya alfajiri akakutwa na usingizi.

"Sema hivyohivyo," Nadine akasema. "Sema Stancil aliwadanganya."

"Hakudanganya. Alishindwa kutamka. Babu yake kafanya kazi pale, baba yake pale. Wewe ungeweza?"

"Ningeweza! Watu wana watoto wa kulisha!"

"Mimi nisingeweza," Hoyt akasema.

Nadine alimwonea huruma mumewe, na huruma hiyo ilimuudhi. Akainuka kumwongezea kahawa.

Simu ikalia. Hoyt akawasha spika. Afisa alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, wala haikutoka puani. Aliuliza jina, akauliza kiwanda. Hoyt akajikaza kisabuni, tayari kwa swali lake.

"Bwana Ledbetter, ulijua lini kwamba kazi yako imekwisha?"

Lo! Hilo hawakulifanyia mazoezi. Hoyt akamtazama mkewe. Nadine akainamisha macho.

"Sijui, mama," akasema. "Msimamizi alituambia tupumzike kidogo. Akisema hivyo, karani hutudaia, halafu tunaitwa kazini."

"Na tangu siku hiyo, kuna mtu yeyote wa kiwandani aliyekwambia vingine?"

"Hapana, mama."

Zikasikika herufi zikibonyezwa kwenye kompyuta, kwa muda mrefu.

"Naandika kwamba hukuarifiwa. Hiyo ni sababu ya kutosha, Bwana Ledbetter, na uamuzi ni wangu. Wiki zako zote utalipwa, barua inafuata." Nadine akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Ila siwezi kulifunga jalada hili kabla sijakuarifu mimi. Kiwanda kimefungwa moja kwa moja. Hawatakuita. Kazi yako imekwisha. Umenielewa?"

Hoyt akakisukuma kando kikombe cha kahawa.

"Nimekuelewa, mama. Asante kwa kuniambia."

Simu ikakatwa. Nadine alikuwa anazunguka jikoni, anacheka na kulia. "Tumepata, Hoyt! Nyumba ni yetu! Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia," Hoyt akasema, na machozi yakamtoka. "Amesema kazi imekwisha."