Mashahidi wa Mdomo Mmoja

Darasani walimwita Shangazi, kwa kuwa wanafunzi wenzake wengi wangeweza kuwa watoto wa kaka yake. Alikuwa mpimaji wa hali ya hewa. Ofisi ilimruhusu asome takwimu kwa sharti moja: kazi yake ya kumaliza masomo ikikubaliwa, atahamia kitengo cha utafiti anachokiongoza mwalimu wao; ikikataliwa, atarudi kwenye vipimajoto vyake.

Kazi ilikuwa tayari. Vipimo vya kila siku vya kituo chake vilionyesha joto linapanda, na kompyuta ilisema hakuna shaka.

Jioni ya mwisho kabla ya kuiwasilisha alikuwa akiipitia mezani, mumewe akimenya viazi ili yeye asishike kisu, wifi yake alipoingia na habari kwamba mpwa wao ameacha kazi. Mume hakuamini. Wifi akataja watu watano waliomthibitishia.

"Na hao watano wamesikia kwa nani?" Shangazi akauliza.

"Si kwa mama mkwe wake?"

"Basi wifi yangu, shahidi ni mmoja. Mdomo tu ndio umetembea."

Wifi akacheka, akamwita hakimu. Shangazi hakucheka. Alikuwa akitazama vipimo vyake. Joto la leo hulifuata la jana, kama mtoto na mamaye, naye alikuwa ameihesabu kila siku kuwa shahidi anayejitegemea. Mwalimu aliwaonya juu ya hilo, yeye akaona ni mambo ya vitabuni.

Angeweza kunyamaza. Mumewe alimtazama usoni, akamchukua dada yake wakaongelee jikoni. Shangazi akaanza hesabu upya. Safari hii ile "hakuna shaka" ikayeyuka.

Kesho yake alieleza kosa lake mwenyewe mbele ya darasa zima. Mwenzake wa mstari wa mbele akampitishia maji.

"Kwa hiyo joto halipandi?" mwalimu akauliza.

"Sijasema hivyo, mwalimu. Huenda linapanda. Ila kwa miaka michache ya kituo changu peke yake, siwezi kuapa."

Mwalimu akataka kujua angehitaji nini ili aape. Akajibu: vipimo vya zamani zaidi, na vya vituo vya mbali. Mwalimu akasema vipo kitengoni, vimejaa vumbi, na Jumatatu aje avianze.

Shangazi akauliza kama hiyo maana yake amefaulu.

"Maana yake una kazi nyingi," mwalimu akasema, akamwita anayefuata.