Sanda ya Mzee Lukumani

Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga, na wahenga hawakuwahi kuona ndege. Mjini Kasongo, miaka ile ya vita vya Wazungu, aliye juu ndiye aliyemngoja wa chini amwonyeshe upepo unatoka wapi, la sivyo hashuki salama.

Mwanvua alilijua hilo kwa sababu mfuko wa upepo wa uwanja wa ndege, ule unaopeperuka mlingotini kuwaonyesha marubani upepo unakotoka, aliushona yeye. Aliushona kwa sanda ya baba yake.

Mzee Lukumani alikuwa amejiwekea sanda sandukuni, kama wazee wengi Waislamu wa mji ule: amerikani nyeupe iliyofukizwa udi. Dhoruba ilipouchana mfuko wa zamani, na vita vimekwisha kula nguo zote madukani, askari walikuja wakafungua sanduku.

"Mzee hajakufa," walisema. "Akikufa, serikali itatoa ingine."

Jean-Marie, karani wa uwanja, alikaa kumsimamia Mwanvua akishona. Rubani Mbelgiji alikuwa akimfundisha mambo ya angani kwa mzaha, na Jean-Marie hakuona mzaha. Aliamini siku moja atashika usukani. Alichukua ungo wa kupetea mpunga akaukabilisha na upepo.

"Ona, dada. Nikiinua ukingo wa mbele kidogo, ungo unataka kuruka. Bawa ni vile vile. Nikiinua sana," na ungo ukatetemeka mikononi mwake, "upepo unaachana na mgongo wake. Ndege inaanguka."

"Na mfuko wangu?"

"Ndege inashuka ikikabili upepo. Upepo wa mbele unasaidia kubeba bawa, magurudumu yanagusa chini polepole. Ukitoka nyuma, unasukuma. Inagusa chini mbio, na uwanja unaisha kabla ya ndege kusimama."

"Kumbe piloti iko anaomba ruhusa kwa sanda ya baba," alisema Mwanvua, akakata uzi kwa meno.

Mvua zilipokaribia, Mzee Lukumani alirudishwa kutoka misitu ya Kabambare, alikopelekwa, pamoja na uzee wake wote, kugema mpira wa vita. Alirudi juu ya machela, amekufa. Wakamwosha. Mwanvua akaenda kwa Bwana Administrateri, Mzungu mkuu wa wilaya, kudai ile nguo ya ahadi.

"Nguo hakuna," alisema Bwana. "Muzike na mukeka."

Mwanvua aligeuka akatoka. Alikwenda moja kwa moja uwanjani akaanza kufungua kamba ya mlingoti.

"Dada, ndege iko njiani," alisema Jean-Marie.

"Basi washa moshi. Majani mabichi yale pale. Moshi nao unaonyesha upepo."

"Bila amri ya Bwana?"

"Baba yangu iko uchi, Jean-Marie."

Karani alikimbilia ofisini kuomba amri. Bwana alikuwa mezani, na karani hagongi mlango Bwana anapokula. Jean-Marie akangoja barazani, kofia mkononi, kiberiti mfukoni.

Mwanvua alikuwa njiani na nguo kifuani aliposikia ngurumo. Ndege ilizunguka juu ya mlingoti mtupu, ikazunguka tena, kisha ikaenda kujipanga upande wa mto Lualaba, ilikozoea kuingilia kiangazi chote. Lakini kiangazi kilikuwa kimeisha. Mwanvua alisimama, akauelekezea mto kisogo, na upepo ukampiga kisogoni. Ndege na upepo vilikuwa vinatoka upande mmoja.

Iligusa chini mbio kama mnyama aliyechomwa mkuki, ikaumaliza uwanja, ikaruka mfereji, ikavunjia pua yake katika mihogo ya watu. Rubani alivunjika mguu.

Mzee Lukumani alizikwa kabla ya magharibi. Sanda yake ilikuwa na vitundu vya sindano kila upande.

Askari walimchukua Mwanvua makaburini. Asubuhi Jean-Marie alifika kwenye dirisha la gereza.

"Omba pardon, dada. Sema musiba ulikuchanganya. Bwana iko tayari kukuachilia." Alishusha sauti. "Na ule moshi, tafazali, usiutaje."

"Ulijua bawa, ulijua upepo," Mwanvua alisema. "Kuwasha kiberiti ndiko hawakukufundisha."

Walimsimamisha chini ya bendera, mbele ya mji mzima. Rubani alikuwa kitini, mguu umefungwa vijiti, na Jean-Marie nyuma yake amebeba mwavuli. Rubani hakugeuka hata kuona ni nani anayemtilia kivuli.

"Sema pardon kwa piloti," alisema Bwana, "urudi kwako. Ukikataa, gereza."

Habari ya moshi Mwanvua hakuigusa. Kumtaja karani kungekuwa kujitetea, na mtu hujitetea penye kosa. Alimtazama rubani.

"Pole ya mguu ninakupa, Bwana. Pole ni ya kila mgonjwa."

"Pardon," alisema Administrateri. "Si pole."

"Nguo ilikuwa ya baba, na baba ameivaa. Siombi msamaha."